Nilimwambia Awe na Subira



Mhariri aliniomba niandike juu ya mtazamo wa Uislamu kuhusu elimunafsi, yaani saikolojia, kwa kuwa vijana wengi wa Kiislamu sasa wanaichagua kuwa shahada yao ya kwanza na wengine bado wanauliza kama inafaa. Nilianza kuandika kama ninavyoandika kazi za darasani: maana ya nafsi kilugha, maana yake kisharia, nafsi ammara, lawwama na mutmainna, kisha Ibn Sina, kisha hitimisho. Nikafuta. Yote yalikuwa sahihi, na hakuna hata moja lililogusa tukio lililonifanya mimi mwenyewe niulize swali hilo. Tukio hilo nitalieleza, na aibu iliyomo ni yangu. Ndugu ninayemtaja ameisoma habari hii kabla sijaituma, na nimebadilisha mambo madogomadogo ili asitambulike.

Ninaishi Dzaleka. Kwa wasiopajua, ni kambi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, Malawi, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994 palikuwa gereza, na katika zama za Kamuzu Banda wafungwa wa kisiasa walifungwa hapa. Jina lenyewe, kwa Kichewa, watu hulifasiri kuwa "sitarudia tena". Ni jina la toba, na mara nyingi hujiuliza mtoto aliyezaliwa hapa anatakiwa asirudie kitu gani. Kambi ilikusudiwa watu 10,000 hivi. Leo tumezidi 50,000, wengi wetu tukitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni, msikitini na kwenye foleni ya maji. Mimi nasoma shahada ya Masomo ya Kiislamu kwa njia ya mtandao katika International Open University, chuo alichokianzisha Dk. Bilal Philips. Dada yangu, aliyenizidi miaka minne, anasoma saikolojia chuo hichohicho. Tuna kompyuta moja na bando moja. Yeye huishika asubuhi, mimi usiku.

Baba hakuipenda shahada ya dada. Aliiita elimu ya vichaa, akasema kwa akili aliyompa Allah angesoma uuguzi. Mimi nilikuwa upande wa baba, ila kwa maneno ya kisomi zaidi. Nilimwambia dada kwamba Qur'ani imekwisha tufundisha kinachotuliza nyoyo, nacho ni kumkumbuka Allah, sasa hiyo saikolojia inakuja kuongeza nini? Akaniuliza, "Na mguu ukivunjika je, mdogo wangu, utaukumbusha Allah ukapona?" Nikasema mguu ni mguu na moyo ni moyo. Tukaishia hapo, kwa sababu chai ilikuwa inachemka na kumwagika.

Sasa tukio lenyewe. Yupo ndugu mmoja wa msikiti wetu aliyekuwa na duka dogo Lilongwe. Mwaka 2023, wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini waliporudishwa kambini, naye alirudi, na mke na watoto, kwenye chumba kimoja cha tofali za udongo. Alikuwa mtu wa safu ya mbele. Usiku mmoja baada ya Isha alinisubiri mlangoni nikivaa viatu. Wenzangu pale huniita ustadhi, ingawa ni mwanafunzi tu, na nakiri jina hilo nalipenda kuliko inavyostahili.

"Ustadhi, uko na dakika?"

Nikasema ninazo.

"Usingizi haiko. Mwezi sasa. Nikijilaza, moyo inapiga kama mtu anakimbia. Usiku ikiingia naogopa…"

Hapo nilimkatiza. Nilimkumbusha aya ya Suratul Baqara inayosema kuwa tutajaribiwa kwa hofu na njaa na kupungukiwa mali, na kwamba bishara njema ni ya wanaosubiri. Nilimwambia asome Ayatul Kursiyyi na sura tatu za mwisho wa msahafu kabla ya kulala, asiache witri, apunguze kufikiria mambo ya dunia. Nikamwambia wapo walio katika hali mbaya zaidi. Alisema, "Sawa ustadhi, Allah akulipe." Yote hayo hayakuchukua dakika kumi. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetoa sadaka.

Wiki zilizofuata sikumwona safu ya mbele, wala ya nyuma. Nilidhani amepata kibarua cha shamba. Kisha dada akasikia kwa wanawake kisimani kwamba mke wake analia, kwamba yule bwana hali, hasemi, usiku anakaa nje ukutani mpaka alfajiri. Dada alipojua kwamba alikuja kwangu, aliniuliza swali moja.

"Alikuambia nini?"

"Kwamba halali."

"Kwa nini halali?"

"Mawazo."

"Mawazo gani?"

Sikujua.

"Alisema anaogopa usiku. Anaogopa nini?"

Sikujua. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sentensi yake ya mwisho sikuisikia mwisho wake, maana nilikuwa tayari naitafuta aya kichwani. Dada hakukasirika, na angekasirika ningejitetea. Alisema tu, "Kwa hiyo ulimpa dawa kabla hujajua anaumwa wapi," akaendelea kupepeta mchele.

Yeye mwenyewe hakutaka kumtibu. Hili napenda wanaotaka kusoma saikolojia walisikie: mwanafunzi wa mwaka wa pili si tabibu, na dada analijua hilo kuliko watu wengi wenye vyeti. Alichofanya ni kuulizia wapi kuna watu wenye ujuzi. Hospitali kuu ya serikali ya magonjwa ya akili nchini iko Zomba, kusini, karibu kilomita 300 kutoka Lilongwe. Lakini Lilongwe nako zipo huduma, na ilipatikana siku ya kuonwa. Ukatafutwa ruhusa ya kutoka kambini, ikatafutwa nauli ya minibasi, akatafutwa na mkalimani, kwa kuwa ndugu yetu Kichewa chake ni cha dukani na Kiingereza hana. Wakamuuliza anamtaka nani aende naye. Akasema, "Aende ustadhi. Yeye alishanisikia."

Sijawahi kuambiwa neno zuri lililoniuma kama hilo.

Kazi ya ukalimani sikuwahi kuifanya kwa mtu mgonjwa. Muuguzi alinipa masharti mawili kabla hatujaanza. La kwanza, nitafsiri kila kitu, nisipunguze wala nisiongeze. La pili, nitumie nafsi ya kwanza: mgonjwa akisema "mimi", na mimi niseme "mimi". Nikaona ni jambo dogo la kisarufi. Basi ndugu yangu akaanza kusema, na mimi nikaanza kusema kwa Kiingereza kwamba mimi silali, mimi naogopa, mimi niliona. Mkalimani hana ruhusa ya kujibu. Hana ruhusa ya kunukuu aya. Kila nilipotaka kusema "lakini ndugu yangu", ilinibidi nimeze mate na kungoja sentensi yake ifike mwisho, kwa sababu sentensi isiyofika mwisho haitafsiriki. Kwa muda wa saa nzima, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nafikiri, nilimsikiliza mtu.

Aliyoyasema sitayaandika. Yale ni amana, na ukalimani haukuyafanya kuwa yangu. Jambo moja tu amenipa idhini nilitaje. Muuguzi alimuuliza kama aliwahi kumwambia mtu mwingine. Akasema ndiyo, usiku mmoja alimfuata kijana wa msikitini, na hakumfuata kwa sababu ya ushauri. Alitaka kumwomba wakae naye msikitini mpaka Alfajiri, kwa sababu usiku ule alijiogopa mwenyewe. Nami nikatafsiri, kwa nafsi ya kwanza: "Nilimfuata kijana wa msikitini. Sikuwahi kufika kwenye ombi langu."

Muuguzi hakujua kijana huyo ni nani. Ndugu yangu hakunitazama. Tulirudi kwa minibasi kimya, mimi nikitazama mahindi kando ya barabara.

Ndugu msomaji, nimeisoma subira vitabuni. Najua mgawanyo wake: subira juu ya kutii, subira ya kujizuia na maasi, subira juu ya mitihani ya Allah. Katika mtihani huo naweza kupata alama za juu. Swali lililobaki nami tangu Lilongwe ni jingine: je, mtu anayemweleza binadamu mwenzake huzuni yake, amevunja subira? Kwa sababu nikijikagua, hilo ndilo nililokuwa naliamini bila kulisema. Niliamini kuwa mwenye imani hunyamaza.

Dalili inayotumiwa sana ni ya Nabii Yaqub (A.S.). Alipompoteza Yusuf alisema subira yake ni subira njema, na baadaye macho yake yakawa meupe kwa huzuni, akasema kwamba yeye anamshitakia Allah peke yake. Khatibu akifika hapo husema: mnaona? Hakuwashitakia watu. Nami nimewahi kulisema hilo kwenye darsa la vijana. Lakini irudieni sura mwangalie maneno hayo aliwajibu akina nani. Aliwajibu wanawe waliomwambia kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf mpaka adhoofike au afe. Walikuwa wakimtaka anyamaze, na ndio haohao waliomtia Yusuf kisimani. Ingekuwaje awaeleze wao? Hii ni tafakuri yangu wala siiiti tafsiri. Ila naona kwamba katika kisa kile, sauti inayomwambia mwenye huzuni "yatosha sasa" haikuwa sauti ya Nabii. Ilikuwa ya waliokuwa na sababu zao za kutotaka kusikia jina la Yusuf. Na zangu zilikuwa zipi usiku ule? Nilikuwa na kazi ya kuwasilisha kabla ya saa sita, na nilikuwa naogopa. Mtu mzima aliyenipita umri alikuwa anatetemeka mbele yangu, na aya ilikuwa njia ya haraka ya kutoka.

Ipo pia hadithi ya yule mwanamke aliyekuwa akilia kaburini, iliyo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alimpitia akamwambia amche Allah na asubiri. Bila kumtambua, mwanamke akamjibu amwondokee, kwani hakupatwa na msiba wake. Tunaikumbuka hadithi hii kwa mwisho wake, kwamba subira ni pale pigo la kwanza. Katikati tunapapita haraka. Alipojibiwa vile, Mtume hakumkemea wala hakurudia nasaha, alimwacha. Na mwanamke alipojulishwa kuwa yule ni Mtume, akaenda mlangoni kwake, hakukuta walinzi. Riwaya ya Bukhari imelitaja hilo. Kiongozi wa umma hakuwa na mtu wa mlangoni wa kuwachuja wenye huzuni. Sisi tunazo nasaha nyingi na walinzi wengi.

Lakini dalili iliyonivunja kabisa hoja yangu ni ile iliyo mwanzoni mwa juzuu ya 28, nami nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa. Khawla bint Tha'laba (R.A.) alimwendea Mtume kulalamika juu ya mumewe, Aws bin Samit, aliyemwambia maneno ya dhihari, ya kumfananisha na mgongo wa mama yake. Alijadiliana na Mtume, akarudia, akaeleza habari ya umri wake na ya watoto wake. Bibi Aisha (R.A.) anasimulia kuwa alikuwa upande mwingine wa nyumba na baadhi ya maneno hayakumfikia, na Allah akayasikia kutoka juu ya mbingu. Sura ikateremka, ikaitwa kwa jina la mwanamke mwenye kujadiliana. Aya yake ya kwanza inasema kwamba alikuwa akimjadili Mtume na kumshitakia Allah. Mambo mawili kwa wakati mmoja! Alikuwa anaongea na mtu aliyekaa mbele yake, na mashitaka yalikuwa yanafika kwa Mola wake. Mtu anaweza kunijibu kuwa Khawla alikuwa na kesi ya kisharia na siyo huzuni tupu. Ni kweli. Ila niambieni ni mgonjwa gani wa Dzaleka mwenye huzuni tupu, isiyo na kesi ndani yake.

Inasimuliwa katika vitabu vya tafsiri kwamba Umar (R.A.) akiwa khalifa alikutana na Khawla njiani, akiwa bibi kizee, akasimama akamsikiliza muda mrefu huku watu wakimngoja. Alipoulizwa, akasema vipi asimsikilize ambaye Allah alimsikiliza. Nimeiweka habari hii karibu na kioo changu cha kunyolea.

Hapo naona nafasi ya saikolojia katika dini yetu, na ni ndogo kuliko wanavyodai wapenzi wake na kubwa kuliko nilivyodhani. Kumsikiliza mtu vizuri ni ujuzi. Kuna watu wamejaliwa nao, akina bibi zetu wengi walikuwa nao, na wengine kama mimi tunahitaji kufundishwa tukae kimya. Waislamu wa kale hawakuona haya kuuchunguza. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha siha ya miili na ya nafsi pamoja, akatenganisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana, kama ya kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomshika mtu bila sababu anayoijua, ambayo alihisi chanzo chake kimo mwilini. Miaka elfu na zaidi iliyopita mtu aliona kwamba hizi hazitibiwi kwa njia moja. Mimi, mwanafunzi wa karne hii, nilikuwa na dawa moja kwa zote.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani nimehamia upande wa dada kwa miguu yote miwili. Nimekaa karibu na vitabu vyake, nimeona nayo saikolojia ina uziwi wake.

Muhula mmoja alijifanyia zoezi la kutafsiri kwa Kiswahili cha hapa yale maswali tisa yanayotumika duniani kote kupima sonona, yaliyotungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtu anaulizwa hali yake ya wiki mbili zilizopita. Neno sonona lenyewe hapa hakuna anayelijua. Watu husema "mawazo", na mtu akisema "niko na mawazo" huwa amesema mengi. Basi akajaribu maswali kwa mama mmoja jirani yetu. Alipofika kwenye swali la hamu ya kula, mama akasema, "Hamu iko, mwanangu. Chakula ndiyo haiko." Tulicheka wote watatu, kisha tukanyamaza, maana mgao umepunguzwa mara kadhaa miaka hii na mama hakuwa anatania. Kwenye swali la kukata tamaa aliuliza: tamaa ya nini hasa, ya kurudi, ya kupelekwa nchi nyingine, au ya leo jioni? Fomu haina pa kuandika jibu hilo. Ina sifuri mpaka tatu.

Profesa Malik Badri, msomi wa Sudan aliyefariki mwaka 2021, aliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1975 aliwahutubia wanasayansi wa jamii wa Kiislamu huko Marekani akawaonya wanasaikolojia wenzake kwa hadithi ile ya kufuata waliotangulia hata ndani ya shimo la kenge, na mwaka 1979 hoja yake ikatoka kama kitabu mjini London. Hakusema waiache fani. Yeye mwenyewe aliifanyia kazi maisha yake yote, na ndiye aliyekitafsiri kitabu cha al-Balkhi kwa Kiingereza. Alisema wasimeze nadharia zilizotungwa kwa watu wengine bila kuzitafuna.

Tena kuna jambo zito zaidi, nalo hunitia wasiwasi kwa dada. Malawi iliridhia mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 hapo mwaka 1987, ikajiwekea haki ya kutofungwa na baadhi ya vifungu, vikiwamo vinavyohusu kazi na uhuru wa kutembea. Ndiyo maana tunaishi ndani ya kambi. Ndugu yangu halali kwa sababu ya aliyoyaona zamani, na halali pia kwa sababu ana mikono, ana akili ya biashara, na hana mahali pa kuvitumia. Mtaalamu akimfundisha kupumua polepole na kuyabadilisha mawazo yake mabaya, atamsaidia, na nimeona inasaidia. Lakini akiishia hapo, akamwambia kwamba tatizo liko katika namna anavyofikiri, basi amemwambia lilelile nililomwambia mimi mlangoni pa msikiti. Amemwambia awe na subira, kwa jina la kigeni. Dada nilipomweleza hivyo alikaa kimya kidogo, akasema, "Hilo liandike." Nimeliandika.

Alinionesha pia habari moja inayotoka karibu nasi, kambi ya Nakivale, Uganda. Watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwa wasaidizi wa wenzao, kisha wakawafuatilia Wanyarwanda na Wasomali 277 waliokuwa na majeraha ya moyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika njia mojawapo waliyoitumia, mtu husimulia maisha yake kuanzia kuzaliwa. Kamba hutandazwa chini, panapokuwa na tukio jema huwekwa ua, panapokuwa na baya huwekwa jiwe. Masimulizi huandikwa na kusomewa mwenyewe. Waliosimulia hivyo walipata nafuu. Waliopewa ushauri wa kawaida, bila kamba wala mawe, nao walipata nafuu, na tofauti baina ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo. Waliobaki nyuma ni wale waliofuatiliwa tu. Dada huutaja utafiti huu kama ushahidi kwamba fani yake inafaa makambini. Mimi huusoma kwa namna nyingine kidogo: kwamba waliokaa wakasikiliza walikuwa watu wa kambi ileile, hawana shahada, wamefundishwa kwa muda mfupi, na wamo katika foleni moja na wagonjwa wao. Hatujakubaliana, na sioni haraka ya kukubaliana.

Baba bado anaiita elimu ya vichaa, ila siku hizi analisema mbele ya wageni kwa sauti ya kujisifu kidogo.

Na ndugu yetu? Anakwenda Lilongwe ruhusa na nauli vikipatikana, na kuna vidonge anavyomeza. Wala hakuacha nyiradi za usiku. Anasema zinamsaidia, nami nimejizuia nisimwambie "nilikuambia". Kuna siku namwona safu ya mbele. Kuna siku simwoni, na siku hizo baada ya Isha naenda kwake. Juzi nilibeba karanga. Tulikaa ukutani pale nje, mbwa wakibweka upande wa soko, na muda mrefu hakusema kitu. Nilikuwa na aya nzuri sana kichwani, ya Suratu Sharh, na niliibana kama mtu anayebana kikohozi. Ilipokaribia saa sita alikung'uta maganda kwenye nguo yake, akasema:

"Nenda ulale, ustadhi. Kesho uko na mtihani wa Usulul-Fiqhi."

Nikamwambia mtihani ni saa nane mchana, nikabaki.